Nilimsifu kuwa amenenepa, sasa hali nami tena

*Shangazi, ninasoma Houston, Marekani, na ninaishi chumba kimoja na msichana ambaye wazazi wake walitoka Vietnam. Aliporudi kutoka kwao kusherehekea Tết, mwaka mpya wao, nilimwambia kwa nia njema kwamba amenenepa na amependeza. Tangu siku hiyo chakula cha jioni anakikwepa, na áo dài, kanzu ndefu ya Kivietinamu, aliyoshonewa kwa harusi ya binamu yake ameisukuma nyuma ya kabati. Nimekosa nini?*

Mwanangu, kwetu neno hilo ni sifa, na mama mtu akilisikia hufurahi kwamba mtoto alilishwa vizuri. Rafiki yako amelisikia kwa masikio mengine.

Familia nyingi za Kivietinamu zilikimbilia Marekani baada ya Saigon, mji mkuu wa Vietnam Kusini, kuanguka vitani mwezi Aprili 1975, na waliobaki nyumbani walikula chakula cha mgao kwa miaka mingi. Mzazi aliyelelewa katika dhiki hiyo huonyesha mapenzi kwa bakuli, ndiyo maana mtu akiingia nyumbani huulizwa «ăn cơm chưa?», yaani umekwisha kula wali? Lakini mama mdogo yuleyule anayemjazia bakuli ndiye atakayemtazama kiunoni na kusema «mập quá», umenenepa mno, ukoo mzima ukisikia. Nayo áo dài haina huruma, kwa sababu fundi huikata kwa kipimo cha mwili, ikabana kifuani na kiunoni, na kilo mbili tu zikaonekana kwenye vifungo. Akirudi chuoni anakutana na watu wanaoamini kwamba msichana wa Kiasia huzaliwa mwembamba, kwa hiyo akinenepa anajiona ameharibika, na akikonda hakuna anayeshtuka. Juu ya hayo yote likaja neno lako.

Mwambie kwamba kwenu ile ilikuwa sifa, kwamba umeona imemuumiza, na kwamba unaomba radhi, kisha unyamaze. Usiongeze kuwa yeye ni mwembamba, maana hapo utakuwa bado unampima. Wala usimletee chati ya uzito: wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walieleza mwaka 2004 kwamba kwa watu wa Asia hadhari ya unene inafaa kuanza kwenye BMI, yaani kipimo cha uzito kulingana na urefu, ya 23 badala ya 25 ya kawaida, na hesabu hizo ni za daktari, si za chumbani. Pika wali wa watu wawili, umwite, mzungumzie mitihani, na usihesabu vijiko vyake.

Ukigundua kwamba anajitapisha, anazimia, au hedhi yake imekatika, umsihi mwende pamoja kwenye zahanati ya chuo, na akikubali, umsaidie kueleza wazi uliyoyaona, ili muuguzi naye asiseme ndivyo alivyoumbwa.

Ile áo dài usiitoe kabatini, wala usiiulizie.