Chuchu zinapasuka kila mtoto anaponyonya

SWALI: Nina mtoto wa kwanza, ana siku kumi. Kila akimaliza kunyonya, chuchu hutoka ikiwa bapa, na sasa zote mbili zimepasuka hata naogopa anapoamka. Baada ya kunyonya bado hulia. Mama mkwe asema chuchu zitakomaa, ila maziwa ni machache, nianze kumpa uji mwepesi. Nifanyeje? – Mama wa Tanga

JIBU: Pole sana, mama, na hongera kwa kujifungua. Chuchu inayotoka bapa imebanwa kati ya ulimi na kaakaa, maana yake mtoto ameshika chuchu peke yake badala ya kujaza kinywa kwa titi. Ndiyo sababu wewe unaumia na yeye anapata maziwa kidogo. Uji usimpe, kwani hadi atimize miezi 6 maziwa yako yanamtosha, na kadiri anavyoshiba uji ndivyo atakavyonyonya kidogo na maziwa kupungua kwelikweli.

Kaa ukiwa umeegemea, umgeuze mwili wote akuelekee, tumbo lake likigusa lako, kwa maana mtoto aliyelala chali akageuza shingo tu hawezi kumeza vizuri. Shika mabega na shingo yake, usimsukume kisogo. Pua yake iwe mkabala na chuchu. Mguse nayo mdomo wa juu, kisha usubiri. Hapo ndipo wengi wetu tunapoharakisha: mdomo uliofunguka nusu hautoshi, ngoja aachame kama anayepiga mwayo, ndipo umlete upesi kwenye titi, kidevu kikitangulia. Akishika vyema, mdomo wa chini hubinuka nje, weusi unaozunguka chuchu huonekana zaidi kwa juu kuliko chini, na baada ya mafundo machache ya haraka utamsikia akimeza taratibu. Maumivu yakiendelea, ingiza kidole safi pembeni mwa mdomo wake umwachishe, mwanze upya. Kumvuta huongeza michubuko.

Baada ya kunyonyesha, paka matone ya maziwa yako kwenye chuchu na uyaache yakauke. Mtoto wa umri huo anayekojoa mara 6 au zaidi kwa siku, na ambaye uzito wake unapanda, anapata maziwa. Akikojoa chini ya hapo, au ukipata homa na titi likawa jekundu, nenda kliniki siku hiyohiyo, na umwombe mkunga akutazame ukinyonyesha. Mama mkwe naye afuatane nawe, asikie mwenyewe.