Kioo cheusi cha pikipiki: unatazama juu yake au unatazama ndani yake?

Tangu nilipoandika kuhusu vioo vya kukinga upepo, barua nyingi zilizonifikia zinauliza jambo moja: kukitia kioo cha mbele giza. Nimechagua zile zinazogusa wengi. Urembo siupingi, pikipiki nyeusi yenye kioo cha rangi ya moshi inapendeza kweli. Ninachotetea ni macho ya mwendeshaji jua likishazama.

*Shikamoo fundi. Nina Boxer, nimeifunga kioo kirefu cha plastiki, kinanifika usawa wa paji la uso. Nataka kukipulizia rangi nyeusi ya kopo, ile wanayopulizia taa za nyuma. Kuna ubaya? (Bodaboda, Dodoma)*

Marahaba. Ubaya upo, na unaanzia kwenye urefu kabla hata ya rangi. Kaa juu ya pikipiki kama unavyokaa ukiwa kazini, helmeti kichwani, kisha tazama barabara mita 15 mbele yako. Macho yakipita juu ya ukingo wa kioo, rangi ya kioo hicho ni suala la urembo tu, paka upendavyo. Yakipita ndani ya plastiki, rangi hiyo unaipaka machoni mwako. Wewe unatazama ndani.

Na rangi ya kopo ina kasoro mbili. Ya kwanza kila mtu anaijua: inapunguza mwanga. Ya pili ndiyo inayonitia hofu zaidi. Rangi ya kupuliza hutua kama vitone vidogo sana, na vikikauka uso wa kioo hauwi laini tena. Mchana huoni tofauti kubwa. Usiku, lori likija na taa kali, kila kitone kinatawanya mwanga na kioo kizima kinawaka mbele yako. Huoni barabara, unaona weupe. Ukiwa spidi 60 unasogea karibu mita 17 kila sekunde, na weupe ule unaweza kudumu zaidi ya sekunde moja. Wewe unajua barabara zetu: lori likiharibika, onyo ni matawi ya miti yaliyotupwa kwenye lami. Matawi hayana taa wala hayaakisi mwanga sana. Yanaonekana kwa tofauti ndogo tu ya weusi juu ya weusi, na tofauti hiyo ndiyo ya kwanza kupotea nyuma ya kioo cheusi.

Ningekuwa wewe ningekipunguza kioo. Kikatwe kwa msumeno wenye meno madogo, ukingo ulainishwe kwa msasa, kiishie usawa wa pua au mdomo. Upepo unaopanda kioo hauishii kwenye ukingo wake, unaendelea kupanda, kwa hiyo kifua chako bado kitakingwa. Baada ya hapo weka weusi sehemu ya chini, pale ambapo nyuma yake kuna taa na dashibodi. Stika nyeusi inafaa kuliko rangi, maana siku ukiichoka unaibandua.

*Fundi wa tinti za magari amenibandikia ile karatasi ya vioo vya gari. Wiki ya pili imejaa mapovu. Alinidanganya? (Arusha)*

Sidhani. Kioo cha gari ni kioo halisi, tena hakipindi sana. Cha pikipiki ni plastiki iliyopinda pande mbili kwa wakati mmoja, juu kwenda chini na kushoto kwenda kulia, na karatasi bapa haikubali kulala hapo bila kuvutwa kwa joto. Zaidi ya hayo, polikaboneti, plastiki ngumu ya vioo vingi vya namna hii, hubeba unyevu kidogo ndani yake. Jua likiipiga, unyevu unatoka, unakosa njia kwa sababu ya karatasi, unakuwa povu. Bandua taratibu kwa maji ya moto na sabuni. Wembe usiuguse.

*Nimesikia plastiki inaweza kupikwa kwenye rangi ya nguo ikawa nyeusi bila kupoteza ung'avu. Ni kweli? (Mombasa)*

Ni kweli, kwa masharti. Rangi iwe ya vitambaa vya sintetiki kama poliesta, ile ya pamba haishiki. Maji yawe moto wa nyuzi 80 hadi 90, yasichemke, na kioo kizame chote kwa pamoja, la sivyo utapata mistari. Kwa kuwa rangi inaingia ndani ya plastiki badala ya kukaa juu yake, ule mtawanyiko wa mwanga niliomweleza wa Dodoma haupo. Kwa njia za nyumbani, hii ndiyo safi kuliko zote.

Lakini jua kwanza plastiki yako ni ipi. Baadhi ya watengenezaji huchapa herufi pembeni: PC ni polikaboneti, PMMA ni akriliki. Polikaboneti inastahimili joto hilo. Akriliki huanza kulainika karibu na nyuzi 100, nyingine hata kabla, na ikipinda hairudi. Vioo vingi vya polikaboneti pia vina utando mgumu wa kuzuia mikwaruzo, nao huzuia rangi kuingia. Ukiukwangua upate weusi, umepoteza kinga. Rangi ya kupika haitoki, kwa hiyo jaribu kwenye kioo cha akiba, kile cha asili kibaki kabatini.

*Kaka, mimi ni mwanamke na ninaendesha kila siku, alfajiri kutoka Kibaha kwenda Dar, jioni narudi. Jua liko usoni asubuhi, liko usoni jioni. Helmeti yangu ina kioo cheusi. Nikiongeza kioo cheusi cha pikipiki si nitapumzika zaidi? (Kibaha)*

Dada, barabara yako kweli ni ya adha, unakwenda mashariki jua likichomoza na kurudi magharibi likizama. Naomba tupige hesabu pamoja. Giza la vioo viwili halijumlishwi, linazidishwa. Kioo cha helmeti kikipitisha nusu ya mwanga, na cha pikipiki nusu, jichoni inafika robo. Saa sita mchana robo hiyo inatosha na kusaza, kwa kuwa jua kali hutoa mwanga wa laksi (kipimo cha mwanga) 100,000 hivi. Chini ya taa za barabarani unabaki na laksi kama 10, na robo ya 10 ni umaskini.

Safari yako ya jioni inavuka mpaka huo ukiwa njiani. Huku kwetu jua likishazama, baada ya kama nusu saa ni usiku kamili, na jicho huhitaji dakika 20 hadi 30 kulizoea giza vizuri. Kanuni Namba 22 ya Umoja wa Mataifa kuhusu helmeti, katika toleo lake la 05, ilitaka kioo cha kawaida kipitishe angalau asilimia 80 ya mwanga. Cha kati ya 50 na 80 kilipaswa kuwa na alama kwamba ni cha mchana tu. Angalia alama kwenye chako.

Unachohitaji ni giza linaloondoka kwa sekunde moja. Nunua helmeti yenye kioo cheupe nje na kioo kidogo cheusi cha ndani cha kushusha na kupandisha kwa kidole. Kama fedha bado, bandika utepe mweusi mwembamba juu kabisa ya kioo cheupe cha helmeti, uinamishe kichwa kidogo jua linapokukabili. Cha pikipiki kibaki cheupe.

*Kioo cheusi si kinakinga na miale mibaya ya jua? (Tanga)*

Polikaboneti nyeupe tayari inazuia karibu miale yote ya urujuanimno. Weusi hauongezi kitu cha maana hapo.

*Bajaji yangu je? (Morogoro)*

Kwenye Bajaji unatazama ndani ya kioo muda wote, hakuna juu yake. Utepe mwembamba juu ya usawa wa macho, basi.

*Vijana wanaoosha pikipiki wanafuta kioo kwa petroli, kinang'aa sana. Sasa kina nyufa nyeupe kama nywele. Weusi utazificha? (Bukoba)*

Utazificha kwa anayekutazama, wewe uliyeketi nyuma utaendelea kuziona kila taa ikikupiga. Petroli hushambulia plastiki hizi, hasa kuzunguka matundu ya skrubu ambako tayari imebanwa. Nyufa za namna hiyo hazing'arishwi kwa msasa wala dawa ya meno, kioo hicho kibadilishe. Kipya kimwagie maji mengi kwanza vumbi litoke, ndipo ufute kwa sabuni ya maji na kitambaa laini cha pamba. Gazeti lisipite hapo, wala dawa ya vioo yenye amonia. Na skrubu zikaze kwa mkono tu, ukiweka mpira chini ya kila moja.