Shangazi ana rovu, anaogopa bomba la kooni: jibu la muuguzi wa anestezi, Bukavu

Ndugu uliyeuliza juu ya shangazi yako wa kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu, nimesoma swali lako mara mbili. Unasema ana rovu, yaani uvimbe wa tezi ya shingoni, la miaka mingi, limekua, atapasuliwa hapa Bukavu, na wamemwambia atalazwa usingizi na bomba litaingia kooni. Jirani yenu anashauri mkatae bomba, muombe dawa ya ketamini tu, au ile sindano ya mgongo wanayopewa akina mama wanaojifungua kwa kupasuliwa. Na shangazi mwenyewe hasumbuliwi na kufa, anasumbuliwa na maumivu. Mimi ni muuguzi wa anestezi, yaani dawa za usingizi na ganzi, nina miaka kumi na minne ndani ya bloku, chumba cha upasuaji. Sijamwona shangazi yako, kwa hiyo neno la mwisho ni la wale watakaomlaza. Ila huyo jirani mpeni chai, mumshukuru, na mambo ya usingizi msimuulize tena.

Sindano ya mgongo, tunayoiita rashi, inawekwa chini kiunoni. Dawa ni kidogo, kama mililita mbili na kitu, nayo inatia ganzi miguu na tumbo. Kwa mama mjamzito tunaipenda kwa sababu koo lake limevimba kidogo, tumbo limejaa, na oksijeni inamwishia haraka. Heri abaki macho, apumue mwenyewe. Lakini ganzi hiyo ikipanda mpaka shingoni, misuli ya kupumulia nayo inalala. Hapo si tiba tena, ni ajali. Kwa rovu haihusu kabisa.

Ketamini ni jambo lingine, na sitaki kuisema vibaya maana imenilisha. Ilitengenezwa Marekani mwaka 1962, na tangu 1985 imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kule kijijini nilikoanzia kazi, bila mashine, bila umeme wa kuaminika, ketamini ndiyo iliyokuwa bloku yetu. Inaua maumivu, inashikilia presha, na mtu anaendelea kupumua. Kasoro zake: mate yanajaa mdomoni, mara moja moja koo linajifunga ghafla, na wengine wanaamka wakipiga kelele kwa ndoto. Kwenye jeraha la mguu hayo yote nayamudu kwa sababu nimekaa kichwani pa mgonjwa na mdomo wake uko mbele yangu. Kwenye rovu, kichwa kimefunikwa vitambaa, mikono ya daktari iko juu ya njia ya hewa yenyewe, anaivuta huku na huku. Pumzi ikikatika hapo, mimi naingilia wapi? Bomba linawekwa mapema kwa sababu baadaye mlango umefungwa. (Wapo madaktari wanaotoa rovu kwa ganzi ya shingo peke yake, mgonjwa akiwa macho. Inawezekana, kwa rovu dogo na mgonjwa mtulivu. Si kwa hilo ulilolieleza.)

Sasa, kilicho kigumu si bomba kukaa kooni, ni kulifikisha. Rovu la miaka mingi linasukuma njia ya hewa pembeni, au linaibana ikawa nyembamba. Niliwahi kupokea mama mmoja wa visiwani vilevile. Karatasi zake zilikuwa safi, picha ya shingo ipo, vipimo vya damu vipo. Nikamuuliza swali la mwisho kama mazoea tu: mama, unalala chali? Akacheka. "Nani analala chali, mwanangu? Mimi ni mwaka wa nne nalala nimekaa." Waliomkagua kabla yangu wote walishika shingo, hakuna aliyeuliza usingizi. Na familia iliona ni tabia ya mzee tu. Kumbe akilala chali rovu lilikuwa linakaa juu ya njia ya hewa.

Tulibadilisha mpango wote. Hatukumlaza chali, hatukumpa dawa ya kulegeza misuli mpaka bomba lilipopita. Nilimpulizia ganzi kooni kidogo kidogo akiwa ameegemea, anapumua mwenyewe, nikaingiza bomba la namba 6, na la namba 5 liko mezani limefunguliwa. Ilichukua karibu nusu saa na jasho langu lote. Angelazwa kwa haraka kama wengine, sijui tungefika wapi.

Kwa hiyo kabla ya siku hiyo, mtazame shangazi yako nyumbani, kisha uwaambie bila kungoja waulize. Analala vipi? Pumzi yake inapiga filimbi, hasa usiku? Sauti imebadilika? Akiinua mikono yote miwili juu ya kichwa, uso unamvimba au anakosa hewa? Meno yanayocheza je, na yale ya bandia? Jino linaloingia kwenye njia ya hewa ni kesi nyingine kabisa. Watamwambia pia apanue mdomo na kutoa ulimi. Asione ni mchezo: tunatazama kama kimio, kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya mdomo, kinaonekana, na hicho kinatupa picha ya tutakachokuta ndani.

Utaona tunambana na barakoa ya oksijeni dakika tatu nzima kabla ya dawa, na wagonjwa wengi wanaichukia. Sababu ni hii. Mtu mzima aliyetulia anatumia kama mililita 250 za oksijeni kila dakika. Baada ya kutoa pumzi ya kawaida, mapafu yake yanabaki na kama lita mbili na nusu za hewa, lakini katika hewa hiyo oksijeni ni sehemu ndogo. Ukimlaza hivyo hivyo, una dakika moja, labda mbili, kabla damu haijaanza kukosa. Ukiijaza ile akiba yote oksijeni tupu, unapata dakika kadhaa za kutafuta njia bila kutetemeka. Na sisi hapa tuko mita 1500 na zaidi juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, akiba ni ndogo tangu mwanzo. Ndiyo maana kipimo cha oksijeni cha kidoleni kikisoma asilimia 95 kwa mtu mzima wa afya wa Bukavu sishtuki, ingawa mgeni aliyetoka pwani atataka kuita msaada.

Nikuambie na kinachonitisha mimi: ukimya. Mashine ya kuchuja oksijeni inanguruma kama friji mbovu, na umeme ukikatika inanyamaza. Mwaka wangu wa pili, umeme ulikatika bomba likiwa bado mkononi mwangu, jenereta ikagoma mara mbili. Tulimpulizia mgonjwa kwa Ambu, ule mfuko wa kubinya kwa mkono, kwa hewa tupu ya chumba, mwanafunzi akimulika simu. Alipona. Tangu siku hiyo siingii bloku kabla sijaigusa Ambu kwa mkono wangu na kuona chupa ya oksijeni ya akiba. Ukitaka kuuliza swali moja la maana hospitalini, uliza umeme ukienda oksijeni inatoka wapi. Si utovu wa adabu. Muuguzi mzuri atafurahi kukujibu.

Halafu chakula. Hapa ndipo ndugu wa mgonjwa mnapotuangusha, samahani. Shangazi atavuka ziwa, atafika amechoka, na kuna mtu lazima atasema "mpe hata uji apate nguvu". Chakula kinakoma masaa sita kabla ya kulazwa usingizi, na kikiwa kizito, bugali na nyama, masaa nane kabla. Maji matupu anaweza kunywa mpaka yabaki masaa mawili, kama waliomkagua hawajamkataza. Uji si maji, hata ukiwa mwepesi namna gani. Kijana mmoja wa ngiri aliniapia kwa jina la mama yake kwamba hajala. Dawa ilipoingia tu, samaki wadogo wa sambaza na bugali vikarudi mpaka mdomoni. Tulimgeuza, tukanyonya, tukaingiza bomba katikati ya hayo yote, lakini kiasi kilikuwa kimeshuka mapafuni. Alikaa siku kumi na moja kwenye oksijeni kwa ngiri ya kwenda nyumbani kesho yake. Mama yake ndiye aliyemletea, kwa upendo.

Bomba likishaingia, swali ni kama limeingia kwenye hewa au limeteleza kwenye umio, njia ya chakula. Tunasikiliza kifua pande zote mbili, tunasikiliza na tumbo, tunatazama ukungu ndani ya bomba. Vyote hivyo vinaweza kudanganya. Kisichodanganya kirahisi ni kapnografu, mashine inayopima kaboni dioksidi ya pumzi, kwa sababu tumboni hakuna mtu anayepumua. Si kila bloku yetu inayo. Ipo? Mshukuru Mungu.

Tuje kwenye maumivu, maana ndilo swali la shangazi mwenyewe. Mimi nimepasuliwa apendiksi, hospitali siitaji. Usiku ule niliomba dawa, nikaambiwa "vumilia, wewe si mfanyakazi wa afya?" Nilivumilia, na kwa sababu ya kuvumilia sikukohoa, sikugeuka, nikapumua juu juu kama mbwa. Siku ya tatu nikapata homa ya mapafu. Kabla ya hapo nilikuwa nikidhani maumivu ni kazi ya wodi na pumzi ni kazi yangu. Mtu mwenye maumivu hapumui vizuri, na mtu aliyejazwa dawa kali ya maumivu naye anaweza kusahau kupumua. Kazi ni kupita katikati.

Kwa rovu, habari ni njema: maumivu yake ni ya wastani, hayafiki ya tumbo. Yanatibiwa kabla hajaamka. Mwambie daktari wake, kwa heshima, kama anaweza kuweka ganzi ya bupivakaini kwenye jeraha au pembeni ya shingo akiwa bado amelala. Inamvusha saa kadhaa za kwanza. Kisha parasetamoli, gramu moja kila baada ya masaa sita kama uzito wake ni kilo 50 au zaidi, isizidi gramu nne kwa siku, na itolewe kwa saa zake zilizopangwa. Isingoje alie. Diklofenaki, dawa nyingine ya maumivu, wengine wanaichelewesha kwenye shingo kwa kuogopa damu, na kama ana vidonda vya tumbo au figo dhaifu, aseme mapema. Morfini ikihitajika itolewe kidogo kidogo, mtu akimtazama. Watu wetu wanaiogopa kama sumu. Mimi naogopa zaidi wodi ya vitanda thelathini na muuguzi mmoja usiku, kwa sababu ishara ya kwanza ya morfini iliyozidi ni usingizi mzito, na aliyelala vizuri hakuna anayemwamsha.

Koo litamuuma siku moja au mbili kwa sababu ya bomba, na sauti inaweza kukwaruza. Hiyo ya kawaida. Sauti ikipotea kabisa, au akipaliwa na maji kila akinywa, waambie, maana mishipa ya fahamu ya sauti inapita nyuma ya tezi hiyo.

Na usiku wa kwanza usilale wewe. Damu ikivuja ndani ya shingo iliyoshonwa haina pa kwenda, inabana njia ya hewa. Ukiona shingo inakaza au inavimba, anakataa kulala, anataka kukaa, pumzi imeanza filimbi, usingoje asubuhi wala usimwambie atulie. Piga kelele. Nyuzi zinafunguliwa palepale kitandani, hata kabla ya kurudi bloku, na kifaa cha kuzikata kinapaswa kuwa karibu naye. Jioni hiyo, kabla wa zamu ya mchana hawajaondoka, waulize kimewekwa wapi.