Re: GPS inapotea nikiwasha kamera ya gari, tatizo nini?

Mkuu hiyo GPS yako haijafa, inapigiwa kelele tu, yani mawimbi ya redio ya uchafu yanayotoka kwenye vifaa vya umeme. Umesema mwenyewe ukichomoa kamera inarudi, sasa apo jibu si umeshalipata. Satelaiti ziko juu kama kilomita 20,200, signo ikifika chini imechoka kabisa, yani iko chini hata ya kelele za risiva yenyewe, inachambuliwa kwa msimbo maalum (code) wa satelaiti tu. Alafu pembeni yake umeweka kamera yenye prosesa, memori kadi na chaja ya kushusha volti 12 kuja 5, vyote vinamwaga uchafu mpaka kwenye 1575.42 MHz ambako GPS inasikiliza, na ule waya mrefu unageuka antena.

Fanya hivi, fungua app inayoonyesha satelaiti uangalie vile vimstari vya nguvu, zilizo juu ya kichwa zinakuwaga 40 na kitu (dB-Hz, kipimo cha signo dhidi ya kelele), ukiwasha kamera zote zikaporomoka kwa pamoja mpaka 25 ujue ni kelele, maana jengo linakata za upande mmoja tu. Kisha iwashe kamera kwa pawabenki, kelele ikiisha mbaya wako ni chaja, ikibaki ni kamera yenyewe.

Yangu nilihamisha kamera sentimita 30 hivi toka kwenye antena nikabana feraiti (kile kipande cheusi cha kuzuia kelele) kwenye waya karibu na kamera, vimstari vikapanda palepale naviona. Ila tafadhali usifunike GPS kwa foili, utaziba na satelaiti zenyewe.