Mtoto mwenye shoto na hofu ya skizofrenia

Mwanangu wa miaka minne ana shoto. Shangazi yake kasikia kwamba watu wa shoto hupata kichaa. Nimfunge mkono? (Mama, Morogoro)

Usimfunge, mama. Shangazi kasikia chembe ya ukweli iliyokuzwa mno. Ni kweli kwamba miongoni mwa wenye skizofrenia, ugonjwa wa akili unaovuruga fikra na hisi, wasiotegemea mkono wa kulia ni wengi zaidi kuliko kwa watu wengine. Lakini piga hesabu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kama mtu 1 kati ya 300 anaishi na ugonjwa huu. Hata tukisema kwa wenye shoto hatari ni maradufu, katika 300 wao, 298 hawana. Kamba itamfunza woga tu. Kama adabu ya kwenu ni kula kwa mkono wa kulia, mfundishe kwa upole; kalamu mwachie aishike aupendavyo. Na hilo neno kichaa tuliache, linaumiza watu.

Nimesoma kwamba wagonjwa wa skizofrenia 40 katika 100 hutumia kushoto. Kweli?

Ni utafiti wa Marekani, Chuo Kikuu cha Yale, wa 2013. Uliwahusu wagonjwa 107 wa kliniki ya akili, wala si wote wa skizofrenia, wakatazamwa mkono wanaoandikia tu. Watu ni wachache mno. Tafiti nyingi zikijumlishwa, tofauti ipo lakini ni ndogo kuliko hiyo.

Tena kuandika pekee kunadanganya, hasa kwetu, ambako wengi walichapwa hadi wakahamia mkono wa kulia. Dodoso la Edinburgh la 1971, la kupima mtu hutumia mkono upi, linauliza mambo kumi: kuchora, kurusha, mkasi, mswaki, kijiko na mengineyo. Linauliza hata mkono unaokaa juu kwenye fagio, swali lisilofaa kwa ufagio wa chelewa unaoshikwa kwa mkono mmoja! Swali la kuwasha kiberiti ndilo lililonifunza mengi wodini. Mgonjwa mmoja leo alikwangua njiti kwa kulia, kesho kwa kushoto, wala hakutambua. Mchanganyiko wa namna hiyo nao huhesabiwa katika tofauti tunayoizungumzia. Si shoto kamili peke yake.

Mkono na akili vinahusiana vipi?

Kwa lugha. Kwa watu wa mkono wa kulia, takriban 95 katika 100 hutegemea upande wa kushoto wa ubongo kuzungumza. Kwa wenye shoto ni kama 70. Kwa wenye skizofrenia, kwa wastani, mgawanyo huo umelegea. Msingi wa mgawanyo huo huanza kujengwa tumboni mwa mama, kwa sehemu kutokana na vinasaba. Hakuna jini wala laana hapo.

Mdogo wangu anatibiwa skizofrenia. Mkono wa kulia unatetemeka, sasa anakula kwa mkono wa kushoto. Ugonjwa umezidi?

Huenda ni dawa. Haloperidoli, dawa ya skizofrenia, na nyingine za jamii yake huweza kuleta mtetemeko na kukakamaa kwa misuli. Usimwachishe dawa, ndugu yangu. Mpeleke kliniki wiki hii, daktari anaweza kupunguza dozi au kubadilisha. Mweleze mtetemeko ulianza lini, na kipi kinamshinda: vifungo vya shati, kikombe cha chai? Lakini kama mkono umelegea ghafla, mdomo umepinda au maneno hayatoki, hiyo inaweza kuwa kiharusi. Hapo usingoje kliniki, mkimbize hospitali saa hiyohiyo.