Mieleka ya zamani ya Mexico ya timu kwa timu: ninavyoitazama na ninavyoipima

Mkuu, swali lako nimelisoma. Unasema umeanza kuangalia mapambano ya zamani ya Mexico, ya wawili kwa wawili na ya watatu kwa watatu, lakini yanakuchanganya: watu hawagusani mikono, wanaingia ulingoni bila mpangilio, raundi ya kwanza inaisha hujakaa sawa, na hujui pambano zuri linatofautianaje na la kawaida. Nimeifuatilia mieleka hii miaka mingi, hasa ya miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990, na naipenda kuliko ya Marekani, kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu.

Tumalizane na sheria kwanza, kwa sababu nusu ya kuchanganyikiwa kwako iko hapo. Pambano ni raundi tatu, anayechukua mbili ndiye mshindi. Mtu akitoka nje ya kamba akakanyaga sakafu, mwenzake anaruhusiwa kuingia hapohapo, hakuna haja ya kugusana. Hiyo unayoiona kama vurugu ni sheria inafanya kazi. Kwenye timu za watatu kuna nahodha: ukimshinda yeye, raundi imekwisha, la sivyo uwashinde wenzake wote wawili. Sasa tazama inavyobadilisha mchezo. Nahodha akibanwa vibaya, wenzake lazima wakimbie kumwokoa, na wapinzani wanajua watakimbia, kwa hiyo wanawasubiri. Vilevile kumvua mpinzani kinyago ni kosa la kukupotezea raundi, na kumpiga chini ya mkanda pia.

Halafu kuna pande mbili. Técnicos ni wale wanaopigana kwa ufundi na kufuata sheria, rudos ni wababe wanaopiga watu wawili kwa mmoja refa akigeuka. Karibu kila pambano la timu limejengwa juu ya mgongano huo.

Mimi ninachokipima kabla ya kitu kingine chochote ni pale mambo yanapogeuka. Mara nyingi rudos wanavamia mapema, raundi ya kwanza wanaichukua haraka na ya pili wanaendelea kutoa kichapo, mpaka inafika sekunde ambapo técnico mmoja anakataa. Ukumbi wote unaingojea sekunde hiyo. Pambano la kawaida huileta tu kwa sababu muda wake umefika: rudo anakosea ngumi, basi, mambo yamegeuka. Pambano zuri linaitafutia sababu. Labda rudos wamezidisha tamaa, wamevuta kinyago cha mtu hadi kikachanika, na kile kitendo cha kudhalilisha ndicho kinachompandisha hasira aliyekuwa amelala. Kwa hiyo ufupi wa raundi ya kwanza usikusumbue. Hiyo ni deni, na raundi ya tatu ndipo linapolipwa.

Kitu cha pili, mwangalie asiyepigana. Huwa narudia pambano mara ya pili nikiwa nimekaza macho kwenye kona tu. Timu ya kweli inaonekana hapo: mwenzako anabanwa, wewe unafanya nini? Wapo wanaosimama wameshika kamba wakisubiri zamu. Los Misioneros de la Muerte, yaani El Signo, El Texano na Negro Navarro, hawakuwa hivyo kabisa. Hawa ndio walioufanya mtindo wa watatu kwa watatu upendwe mwanzoni mwa miaka ya 1980, na ukiwatazama utaelewa kwa nini. Mmoja anashika, wa pili anapiga, wa tatu tayari amewazuia waokoaji. Hakuna anayemwambia mwenzake aende wapi.

Hao hao walikuwa upande wa pili siku El Santo, mpiganaji wa kinyago mwenye jina kubwa kuliko wote Mexico, alipopigana pambano lake la mwisho, tarehe 12 Septemba 1982, ukumbi wa El Toreo, wakiwa na Perro Aguayo. Ilikuwa wanne kwa wanne. Santo alikuwa anakaribia miaka 65, na upande wake alikuwepo Gory Guerrero, aliyekuwa akiunda naye timu ya wawili iliyoitwa La Pareja Atómica enzi za ujana wao. Pambano la namna hiyo usilipime kwa kasi. Angalia rudos wanavyompa mzee nafasi bila kumfanya aonekane wa kuonewa huruma, huo ni ufundi mkubwa na haupewi sifa unayostahili.

Ukiniambia nikuchagulie moja la kuanzia, nakupa la tarehe 6 Novemba 1994, Los Angeles: El Hijo del Santo na Octagón dhidi ya Eddie Guerrero na Art Barr. Técnicos wameweka vinyago vyao rehani, rudos wameweka nywele zao: wakishindwa hao wanavuliwa vinyago, wakishindwa hawa wananyolewa. Eddie ni mtoto wa Gory, na El Hijo del Santo ni mtoto wa Santo. Watoto wa La Pareja Atómica waliwahi kuungana kama baba zao, kisha Eddie akamsaliti mwenzake na kwenda kwa Barr, Mmarekani. Siku mbili baada ya pambano, California ilikuwa inapiga kura ya kuwanyima wahamiaji wasio na vibali shule na huduma za afya. Mle ukumbini wamejaa watu wenye asili ya Mexico. Zile kelele unazozisikia zina uzito huo.

Raundi ya tatu Octagón anapigwa martinete: unamgeuza mtu kichwa chini miguu juu, unamshindilia kichwa kwenye ulingo. Mexico ni marufuku, ukionekana umeondolewa. Refa hakuona. Octagón anatolewa kwa machela na El Hijo del Santo anabaki peke yake dhidi ya watu wawili. Hapo Blue Panther, msaidizi wa técnicos aliyekuwa pembeni ya ulingo, anaingilia na kumrudishia Barr martinete ileile, El Hijo del Santo anamshinda Barr, wanabaki watoto wa marafiki wawili. Tazama kosa moja lilivyofanya kazi mara mbili, kwanza kama dhuluma, kisha kama kisasi. Mwisho El Hijo del Santo anashinda, Eddie na Barr wananyolewa. Barr alifariki mwezi huohuo. Kwangu hakuna pambano la wawili kwa wawili linalolifikia, na sisemi hivyo kwa sababu ya kifo chake.

Kuhusu mapambano ya zamani zaidi, jiandae kuyakosa. Miaka ya 1950 mieleka iliondolewa kwenye televisheni ya jiji la Mexico na haikurudi mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ndiyo maana timu kama La Pareja Atómica, ile ya Blue Demon na Black Shadow, au ile ya Ángel Blanco na Dr. Wagner wa La Ola Blanca, tunawajua zaidi kwa sifa kuliko kwa macho. Filamu za Santo zipo nyingi, ila mapigano yake yalipangwa kwa ajili ya kamera, usiyatumie kumpimia mtu uwezo wake ukumbini.

Na vipande vya dakika tano vya watu kujirusha nje ya kamba, achana navyo kama unataka kupima. Kile kinachoitwa tope, mtu kupita katikati ya kamba kichwa mbele, kinanipendeza sana, lakini kikitokea raundi ya tatu baada ya robo saa ya kichapo ni kitu kingine kabisa. Tafuta pambano zima, pamoja na mapumziko kati ya raundi. Wakati wa mapumziko utaona nani anamfuta mwenzake damu na nani anaangalia mashabiki.