Dagaa sijawachambua

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata jana baada ya Isha. Mwenzako wa kazini kafiwa na mumewe, rambirambi mlishatoa, sasa wiki ya tatu inakwenda na wewe unaona aibu kurudi kwake mikono mitupu. Unaniuliza umpelekee nini.

Nenda, mwanangu. Nenda leo.

Baba yako alipofariki ulikuwa darasa la pili. Siku za matanga nyumba ilijaa hadi uani. Majamvi yalipokunjwa kila mtu akashika njia yake, nami nikabaki na eda, miezi minne na siku kumi. Biashara yangu ilikuwa dagaa, na mwenye eda hashindi mwaloni Kibirizi akigombania ndoo na wachuuzi. Wengi walipita mlangoni wakaniambia, "Ukiwa na shida, useme." Walisema kwa nia njema. Lakini mfiwa hana nguvu ya kusema. Nianze na chumvi, au na daftari zenu?

Yule mama jirani wa nyumba ya pili hakuuliza. Mbalamwezi ilipoisha, giza likaingia na wavuvi wakarudi ziwani na taa zao, alikuja alfajiri akachukua ndoo yangu na visenti vilivyobaki. Akanunua wake na wangu, akawaanika mchangani mafungu mawili. Jioni ananiletea hesabu yote, kisha anakaa mkekani tunachambua, tunatoa mchanga na vijiwe. Siku nyingine hatusemi neno, mikono tu inakwenda. Jioni zile ndizo zilizonirudisha duniani.

Ndiyo maana mwaka 2015, Warundi waliokimbilia kijiji cha Kagunga, kule mpakani, walipoletwa Kigoma mjini na meli ya Liemba wakafikia Uwanja wa Lake Tanganyika, nami sikuuliza. Nilimwona mama kamfunika kichanga kwa shati la kiume lililolowa. Nikavua kanga yangu ya juu nikampa. Akanishukuru kwa Kirundi, nikamjibu kwa Kiha.

Mshahara haujatoka, sawa, lakini Jumamosi unayo. Fua sare za wanawe, yule wa kike msuke. Usimwambie kazi ya Mungu haina makosa. Analijua hilo, na keshaambiwa na watu mia. Marehemu mtaje kwa jina lake. Watu huliogopa jina hilo wakidhani watamliza, kumbe mjane anatamani kulisikia kinywani mwa mtu mwingine. Akilia, kaa naye. Na arobaini ikipita uende tena, maana hapo ndipo mlango unapokauka wageni.

Nimekutumia kifurushi kwa basi la kesho alfajiri. Kina chupa ya mawese na mifuko miwili ya dagaa, mmoja wako, mmoja wake. Dagaa sijawachambua, nimewaacha kusudi. Beba na ungo.

Mama yako,
Ujiji